‘Pumzika wiki sita’ haimponyi mcheza dansi

Mcheza dansi anayekwenda kliniki kwa maumivu ya kifundo cha mguu mara nyingi hutoka na agizo moja: pumzika wiki sita, maumivu yakiisha utarudi. Anaitikia vizuri, anashukuru, na jioni ileile unamkuta ukumbini amefunga bandeji, anaruka na wenzake. Aliyemtibu akisikia atasema huyu ni mkaidi. Mimi nasema amepiga hesabu zake. Wiki sita zinaweza kumeza maandalizi ya onyesho zima. Akikaa nje, nafasi yake anapewa mwingine, malipo yanasimama, na misuli ya mguu inanyong’onyea katika kipindi ambacho angeihitaji iwe imara kuliko wakati wowote. Agizo ambalo mgonjwa hawezi kulitii lina kasoro, hata kama kila neno lake limo vitabuni.

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, kwa wasanii wa jukwaani ni kazi ya kupima mzigo ambao mwili unabebeshwa na kuupanga. Kumwondolea msanii mzigo wote ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, na haifai kila mara. Anayeifanya lazima ajue mgonjwa wake anafanya nini hasa na mwili wake, na lazima awe na sauti katika ratiba ya mazoezi. Hilo la pili ndilo gumu, kwa sababu haliko mikononi mwa tabibu.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Nchini Uingereza, utafiti mkubwa wa afya ya wacheza dansi uliotolewa mwaka 1996 ulikuta kwamba zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa wameumia katika miezi 12 iliyotangulia. Uliporudiwa na matokeo kutoka mwaka 2005, idadi ilikuwa asilimia 80. Karibu muongo mzima ulipita na hali haikusogea sana. Mwaka 2012 ukachapishwa uchunguzi mwingine wa kina, wa kundi moja la kulipwa la baleti lenye wachezaji 52 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja. Yaliandikwa majeraha 355, yaani karibu saba kwa kila mtu.

Msomaji anaweza kushtuka hapo na kudhani baleti ni hatari kuliko ndondi. Lakini uchunguzi huohuo ulihesabu pia saa za kazi, na ukapata majeraha 4.4 kwa kila saa 1,000. Kiwango hicho kinakaribiana na cha wanasoka wa kulipwa wakiwa mazoezini, na kiko chini mno ya kile cha wanasoka hao wakiwa kwenye mechi. Kwa hiyo saa moja ya dansi haina hatari ya ajabu. Tatizo ni kwamba saa hizo ni nyingi, zinafuatana, na zinarudia mwendo uleule. Ndiyo maana kwa wanawake wa kundi lile karibu theluthi mbili ya majeraha, na kwa wanaume nusu, yalitokana na kuutumikisha mwili kupita kiasi, bila ajali yoyote ya kuonyesha kwa kidole.

Jeraha la namna hiyo halina siku ya kuzaliwa. Linaanza kama ukakasi asubuhi unaopotea mwili ukipata moto, kisha linahamia hadi mchana, kisha linakaa. Mtaalamu anayemuuliza mgonjwa “uliumia lini?” ameshaanza vibaya. Swali lenye faida ni: ratiba yako ilibadilikaje mwezi uliopita? Ulianza kusimama juu ya ncha za vidole? Mmehamia ukumbi wenye sakafu ngumu? Mmepewa viatu vipya, au jukwaa lenye mteremko? Mwaka 1996 uchunguzi wa waigizaji na wacheza dansi wa Broadway, kumbi kubwa za maonyesho za New York, ulikuta zaidi ya nusu ya wacheza dansi wamewahi kuumia katika onyesho walilokuwa nalo, na jukwaa la mteremko lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Mteremko huo huwekwa ili watazamaji waone vizuri. Sijawahi kusikia mtazamaji akiulizwa kama angekubali kuona vibaya kidogo ili magoti ya watu yapone.

Chukua mfano wa kano inayokunja kidole gumba cha mguu. Inatoka kwenye msuli ulio nyuma ya mguu, chini ya goti, inateremka na kupita ndani ya mfereji mwembamba nyuma ya kifundo upande wa ndani, halafu inapita chini ya unyayo hadi kidoleni. Kwa mtu wa kawaida ni kano ya kusaidia kutembea. Kwa anayesimama juu ya vidole, inageuka kuwa mhimili wa mguu mzima, na kila anaposhuka na kuinuka inasuguana na mfereji wake. Maumivu yanasikika nyuma ya kifundo, hivyo asiyejua dansi atafikiri ni kano kubwa ya kisigino na ataitibu hiyo. Anayejua hufanya jambo dogo. Anaweka vidole vyake viwili nyuma ya kifundo upande wa ndani, anamwambia mgonjwa akunje na kunyoosha kidole gumba peke yake, na anasikiliza kwa ncha za vidole kama kuna mkwaruzo. Kisha anamsimamisha na kumwambia ainuke juu ya vidole taratibu mbele yake. Anaangalia kama kidole gumba kinang’ang’ania sakafu kwa kujikunja, maana huko ndiko kano inakochoshwa bila sababu. Dakika tano zinatosha, ila ni dakika za mtu aliyewahi kutazama darasa la baleti kwa macho ya kazi.

Kano iliyochoka haiponi kwa kuwekwa kabatini. Ikiachwa bila kazi kwa wiki nyingi maumivu hutulia kweli, lakini uwezo wake wa kubeba mzigo hushuka, na siku ya kurudi inakutana na mzigo uleule wa zamani ikiwa dhaifu zaidi. Inachohitaji ni mzigo uliopunguzwa hadi kiwango inachokimudu, kisha unaopandishwa polepole: kuinuka kwa miguu miwili, halafu mmoja, halafu kwa kufuata mdundo, halafu kuruka kidogo, halafu kuruka na kusafiri. Mchezaji anaendelea kuhudhuria darasa. Anafanya sehemu ya mwanzo yote akishika mtambaa, ile fito ya kushikia darasani, anaacha miruko, anaendelea kujifunza onyesho. Agizo la namna hiyo analitii, kwa sababu halimfuti kwenye kundi.

Zipo hali ambazo kupumzika ndiyo dawa yenyewe, na hapa ndipo utaalamu unapoonekana. Mfupa mrefu wa pili wa unyayo unaweza kupata ufa mwembamba kwenye kitako chake, upande wa kifundo, kutokana na kuelemewa siku baada ya siku. Ni ufa unaojulikana sana kwa wacheza baleti, na maumivu yake mwanzoni hayatofautiani sana na ya msuli uliochoka. Anayeendelea kuruka juu ya ufa huo anautafuta mvunjiko kamili. Vivyo hivyo kwa kifundo kilichoteguka ghafla: kuna kanuni zilizotungwa Kanada, maarufu kwa jina la Ottawa tangu mwaka 1992, zinazomwongoza mhudumu kubonyeza sehemu chache maalumu za mfupa na kumwomba aliyeumia atembee hatua nne. Asiye na maumivu ya mfupa sehemu hizo na anayeweza kutembea hatua hizo mara nyingi hahitaji eksirei. Aliyeshindwa apelekwe. Kwa maneno mengine, sipingi kupumzika. Napinga agizo linalotolewa kwa kila mtu kwa sababu mtoaji hana muda au ujuzi wa kutofautisha kano na mfupa.

Ufa wa mfupa unadai swali jingine ambalo wengi huona haya kuliuliza: unakula vya kutosha, na hedhi yako inakuja? Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikizungumzia hali ya mwili kukosa nishati ya kutosha kwa kazi unayofanyishwa, hali inayowagusa wanawake na wanaume. Mwili wa aina hiyo hubana matumizi: homoni hushuka, hedhi hukatika, mifupa hudhoofika. Sanaa inayompa nafasi mwembamba kabla ya mwenye nguvu huzalisha nyufa hizi yenyewe, na mtaalamu anayetibu unyayo bila kuuliza swali hilo atamwona mgonjwa yuleyule tena baada ya miezi michache, safari hii kwa mguu wa pili.

Kuna sehemu nyingine ambapo sanaa na anatomia hazipatani, nayo ni nyonga. Baleti inadai miguu igeuzwe nje, na mwalimu wa zamani angependa ichore mstari mmoja sakafuni. Kugeuka huko kunapaswa kutoka nyongani, lakini umbo la mfupa wa nyonga mtu huzaliwa nalo, na kwa wengi halifiki huko hata wafanye nini. Mtaalamu humlaza mgonjwa kifudifudi, anakunja goti, anapima nyonga inageuka kiasi gani. Kisha anamsimamisha na kupima pembe ya miguu sakafuni. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo sehemu inayoibwa kwingine: goti linasokotwa, upinde wa unyayo unaanguka kwa ndani, kiuno kinabinuka. Mara nyingi maumivu ya goti ya mwanafunzi wa dansi yanaelezeka hapo, na hakuna dawa ya kupaka itakayoyamaliza mradi mwalimu anaendelea kudai pembe ambayo mifupa haina.

Waliojaliwa viungo vilegevu wana balaa lao tofauti. Kipimo cha Beighton, chenye alama 9, huangalia kama kidole gumba cha mkono kinagusa kigasha, kama viwiko na magoti vinapinduka nyuma, kama viganja vinafika sakafuni. Wenye alama za juu huchaguliwa mapema, maana mistari yao inapendeza jukwaani. Wakishaingia, hupewa kazi ileile ya kujinyoosha kama wenzao waliokakamaa, ilhali wao wanachokosa ni nguvu za kukizuia kiungo kisipite mpaka wake. Walimu wanaomkalia mtoto mgongoni ili apanue miguu zaidi wanapaswa kuonywa waziwazi, na wa kuwaonya ni mtu mwenye cheti cha fiziotherapia aliyepo palepale. Mzazi hatasikilizwa.

Nisije nikaeleweka kwamba dansi inaharibu tu. Liko jambo ambalo michezo mingine inaweza kujifunza kutoka kwake. Katika darasa moja la baleti mchezaji hodari anaweza kuruka zaidi ya mara 200, nyingi akitua kwa mguu mmoja, na bado kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti (ukanda unaoshikanisha mfupa na mfupa), jeraha linalowasumbua sana wachezaji wa mpira, ni nadra zaidi kwa wacheza dansi. Utafiti uliowafuatilia wacheza dansi 298 kwa miaka mitano ulikuta 12 tu walioipata. Sehemu ya sababu ni kwamba hakuna mpinzani wa kukusukuma na miondoko imepangwa. Lakini kubwa ni kwamba mcheza dansi anafundishwa kutua tangu utotoni: vidole kwanza, kisha kisigino, goti juu ya vidole, kiwiliwili kimetulia. Ustadi umemkinga. Kinachouvunja ustadi huo ni uchovu, na katika tafiti zile za Uingereza uchovu ndio ulioongoza katika sababu walizozitaja wacheza dansi wenyewe.

Hapo tunafika kwenye ratiba, na ratiba ni mamlaka. Vipimo vya mapigo ya moyo vimeonyesha mara kwa mara kwamba darasa na mazoezi ya kawaida ya dansi hayaupandishi moyo kufikia kiwango cha onyesho lenyewe. Mtu anajenga ustadi kwa miezi, halafu usiku wa ufunguzi anadaiwa pumzi ambayo hakuna aliyemjengea. Wiki ya mwisho, badala ya kupunguziwa, anaongezewa: mazoezi ya mavazi, taa, picha, marudio yanayochukua saa kumi na mbili. Kocha wa riadha angefanya hivyo kwa mkimbiaji wiki moja kabla ya mbio, angefukuzwa kazi.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, tunayo mifano. Kundi lile la wachezaji 52 liliendelea kuchunguzwa hadi ikatimia miaka mitatu huku kila mchezaji akipewa mpango wake wa kuimarisha mwili kulingana na majeraha na udhaifu wake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha majeraha yamepungua kwa kiasi kikubwa. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulipima mbinu ya zamani ambayo wachezaji huitumia kimyakimya: kupitia miondoko kwa mikono na hatua ndogo bila kuruka kikamilifu. Wakurugenzi wengi huiona kama uvivu. Ilipopimwa, waliofanya mazoezi kwa namna hiyo walicheza vizuri zaidi kuliko walipofanya kwa nguvu zote, kwa sababu akili ilipata nafasi ya kushika mpangilio. Mtaalamu wa fiziotherapia mwenye ushahidi huo mkononi anaweza kumwambia mkurugenzi: marudio matatu ya leo yawe ya mikono, la nne liwe kamili. Lakini nani atamruhusu aseme?

Wanamuziki wako kwenye mtumbwi huohuo ingawa wameketi. Katika uchunguzi wa okestra za Marekani miaka ya 1980, kati ya wanamuziki 2,212 waliojibu, asilimia 76 walitaja walau tatizo moja la kiafya lililoathiri upigaji wao. Mpiga fidla anakaa saa nyingi mkono wa kushoto umegeuzwa nje na kidevu kimebana chombo. Mpiga klarineti anabeba uzito kwa kidole gumba cha kulia. Mtaalamu asiyemwomba mgonjwa aje na ala yake anatibu mtu mwingine kabisa. Na ipo distonia, ambapo ubongo wenyewe unapoteza udhibiti wa vidole katika ala tu, huku mkono ukifanya kazi nyingine zote. Mpiga piano Leon Fleisher aliupoteza hivyo mkono wake wa kulia katikati ya miaka ya 1960, akapiga vipande vya mkono wa kushoto kwa miongo kadhaa kabla ya kurudi na mikono miwili. Kwa ugonjwa wa aina hiyo, kurudia kipande mara mia ni kuongeza tatizo.

Nirudi kwenye swali la mamlaka, maana hapo makundi mengi hukwepa. Kundi likiajiri mtaalamu wake, mkurugenzi huhisi ana haki ya kumuuliza: yule ana nini, na atacheza Ijumaa? Wachezaji wanalijua hilo, kwa hiyo mlango wa mtaalamu wa kundi huwa mtupu hadi mtu ashindwe kutembea. Wanatibiwa kwa siri kwingine, au wanameza vidonge. Kuajiri mtaalamu bila kuweka sheria ya siri ni kununua takwimu safi za uongo. Mkurugenzi anachostahili kujua ni kile ambacho mchezaji anaweza kufanya wiki hii: mizunguko ndiyo, miruko hapana, kunyanyua mwenzake hapana hadi Jumatatu. Jina la ugonjwa, historia yake, hedhi, uzito, hayo ni ya mgonjwa na hayatoki bila ridhaa yake. Iandikwe kwenye mkataba, isiachwe kwenye hisani ya mtu.

Wanaojiajiri, ambao ndio wengi katika kazi hizi, hawana hata huo mlango wa kuukwepa. Kwao jibu liko nje ya makundi. Uingereza ina shirika la tiba kwa wasanii wa jukwaani, BAPAM, tangu mwaka 1984; New York ina kituo cha Harkness cha majeraha ya wacheza dansi tangu 1989; na mwaka 1990 kilianzishwa chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, IADMS. Vimeonyesha kwamba ujuzi huu unaweza kukaa mahali ambapo msanii yeyote anaufikia, bila kupitia kwa mwajiri. Sehemu nyingine kianzio kinaweza kuwa kidogo zaidi: wasanii wa kazi kadhaa kuchangiana mtaalamu mmoja wa siku moja kwa wiki, wakimlipa wenyewe, naye akiwajibika kwao.

Najua pingamizi la walimu: sanaa ina maumivu yake, na mtu wa kliniki ataifanya iwe ya woga. Nusu ya kwanza nawakubalia. Misuli inayouma siku mbili baada ya kazi ngumu haihitaji mtu yeyote. Maumivu yaliyo ndani ya kiungo, yanayozidi usiku, au yanayomfanya mtu abadili namna ya kutua ni habari nyingine, na mwalimu anayejua tofauti hiyo ni msaidizi mkubwa kuliko mashine yoyote ya kliniki. Nusu ya pili inategemea mtaalamu anaingia lini. Akiitwa wiki ya onyesho, kazi yake itakuwa kukataza tu, na mkurugenzi atakuwa na haki ya kununa. Akikaa ukumbini siku tatu za mwanzo, wakati miondoko bado inatungwa, ataona kwamba mruko mkubwa wa sehemu ya pili unatuliwa kwa mguu wa kushoto kila unaporudiwa, na atamwomba mtunzi jambo dogo: ama ageuze upande katika marudio mawili, ama aruhusu mazoezi ya kila siku yafanyike kwa miguu yote kwa zamu. Siku hizo tatu mtunzi bado anafuta na kuandika upya, kwa hiyo kuna nafasi ya kukubali.